Dada amezibwa mshipa uliopasuka kichwani, sasa wanasema mishipa inajikaza: hii nimodipini ya kila saa nne inafanya nini hasa?

Mdogo wa Mgonjwa

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba anayejua mambo haya anieleweshe, maana nimechoka kuitikia "sawa daktari" huku sijaelewa kitu.

Dada yangu mkubwa alishikwa na kichwa ghafla, kichwa cha kumwangusha mtu. Akatapika, akapoteza fahamu kidogo, tukamkimbiza. Picha ikaonyesha damu imevuja na kuzunguka ubongo. Wakapitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja mpaka kichwani, wakaziba kwa koili (waya laini unaojisokota) kile kivimbe cha mshipa kilichopasuka. Tukaambiwa imekwenda vizuri, na kweli alifungua macho, akatutambua, akauliza nani amebaki na watoto. Sisi tukajua yamekwisha.

Sasa anaelekea kumaliza wiki ICU, na daktari anasema kipindi cha hatari ndiyo kwanza kinaanza, eti mishipa ya ubongo inaweza kujikaza yenyewe, damu isipite, apate kiharusi cha pili. Anapewa dawa inaitwa nimodipini. Yanayonichanganya ni haya.

Wanampa kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Saa nane za usiku wanamwamsha mtu ambaye ndiyo kwanza amepata usingizi. Kuna ulazima gani? Haiwezekani akameza nyingi kwa mara moja akalala?

Halafu nimesoma kwamba dawa hiyo ni ndugu wa dawa za kushusha presha. Jana presha ilishuka kweli, wakaanza kumpa nusu dozi kila baada ya saa mbili. Vidonge vyake vya presha vya siku zote wamevisimamisha. Na mgonjwa wa kitanda cha pili, mwenye ugonjwa huohuo, amewekewa dripu ya KUPANDISHA presha huku naye anameza nimodipini ileile. Mmoja anavuta huku, mwingine kule. Hii inakuwaje?

La mwisho: shemeji yetu amekesha mtandaoni, anasisitiza tumdai daktari magnesiamu, dawa za kolesteroli, na dawa fulani mpya ya Japani. Tudai?

Msafiri

Pole sana ndugu. Mimi si daktari ila mjomba alipopata kiharusi alianzishiwa aspirini na ilimsaidia sana. Waulizeni kwa nini hawampi. Mishipa ikisinyaa si lazima damu ifanywe nyepesi?

Sista wa Usiku

Msafiri, nakuheshimu, lakini hapo ngoja kwanza. Mjomba wako bila shaka alipata kiharusi cha mshipa kuzibwa na donge la damu. Huyu mshipa wake ulipasuka. Wapo wanaopewa aspirini baada ya mshipa kuzibwa kwa aina fulani ya kifaa, lakini huo ni uamuzi wa aliyeingia na ule mrija, ameona ndani kukoje. Mtu asimpelekee mgonjwa kidonge mfukoni.

Mdogo wa Mgonjwa, pole na kuuguza. Mimi ni nesi wa ICU ya wagonjwa wa ubongo na zamu zangu nyingi ni za usiku, kwa hiyo huyo anayemwamsha dada yako saa nane ni mwenzangu na nitamtetea.

Tuanzie kwenye damu yenyewe. Ilipovuja haikwenda popote, ilibaki chini ya utando wa ubongo, imeizunguka mishipa mikubwa iliyo kwenye kitako cha ubongo. Koili imeziba tundu, haikuifuta damu. Chembe nyekundu zinakaa pale siku kadhaa, kisha zinaanza kupasuka na kumwaga himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Ukuta wa mshipa una misuli, na misuli hiyo hulegezwa na gesi ya nitriki oksidi inayotengenezwa na mshipa wenyewe. Himoglobini inainyonya ile gesi. Wakati huohuo endothelini inapanda, na hiyo ni miongoni mwa kemikali zinazobana mishipa kwa nguvu kuliko karibu zote mwilini. Kinacholegeza kimepungua, kinachobana kimezidi, mshipa unajikaza.

Ndiyo maana haitokei siku ya kwanza. Huanza kama siku ya 3 au ya 4, hufika kileleni kati ya siku ya 7 na ya 10, halafu hulegea taratibu mpaka wiki ya pili au ya tatu inapoisha. Familia nyingi huja kutuuliza, "Mbona alikuwa anaongea vizuri juzi?" Alikuwa anaongea vizuri juzi kwa sababu juzi ilikuwa bado. Na kadiri damu iliyoonekana kwenye picha ya kwanza inavyokuwa nyingi na nene, ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Hilo limejulikana tangu 1980, Fisher na wenzake walipoonyesha uhusiano huo, na mpaka leo madaktari hupima picha ya kwanza kwa kipimo chenye jina lake.

Sasa nimodipini. Kazi yake kwenye karatasi ni kufunga milango ya kalisi (madini ya kalsiamu) kwenye misuli ya mishipa, na msuli usiopata kalisi haujikazi. Ilichaguliwa kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta, hivyo inapenya kuingia kwenye ubongo kuliko ndugu zake. Hesabu ilikuwa rahisi: tutalegeza mishipa, damu itapita. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa 1989 lilikuwa na wagonjwa 554. Waliopewa nimodipini, waliopata eneo la ubongo lililokufa walikuwa asilimia 22, wasiopewa asilimia 33. Waliofariki au kubaki na ulemavu mzito walikuwa asilimia 20 kwa 33. Kwenye ugonjwa huu hizo ni namba kubwa.

Lakini ukienda kwenye picha za mishipa, kusinyaa hakukupungua kwa kiasi cha kueleza faida hiyo! Mishipa mikubwa inaweza kuonekana imebana vilevile, na mgonjwa mwenye nimodipini akatoka mzima zaidi. Wenye utaalamu wanataja sababu kadhaa: labda inafungua vijishipa vidogo visivyoonekana kwenye picha, labda inazizuia seli za ubongo zenyewe zisifurike kalisi zinapokosa oksijeni, labda inatuliza yale mawimbi ya umeme yanayosambaa kwenye ubongo ulioumia. Mimi nalisema hili kwa kila familia kwa sababu wiki ijayo mtaonyeshwa picha, mtaambiwa mshipa fulani umebana, na mtu atasema "basi dawa haifanyi kazi, iachwe". Isiachwe. Dawa hii haipimwi kwa picha.

Kuhusu saa nane za usiku. Ukimeza nimodipini, ini linaidaka njiani kabla haijafika popote; inayoingia kwenye damu ni wastani wa asilimia 13 tu. Na hiyo iliyofika, mwanzoni inapungua kwa nusu ndani ya saa moja au mbili. Kwa hiyo miligramu 60 za saa nne usiku, ikifika saa nane hakuna cha maana kilichobaki. Ukimpa nyingi kwa mpigo alale, presha itaanguka kwanza, halafu alfajiri atakuwa hana dawa kabisa. Dozi ni miligramu 60 kila saa nne kwa siku 21, na dozi za usiku ni dozi kama za mchana. Nimepokea wagonjwa kutoka mahali pengine (sitataja), unafungua chati ya dawa unakuta safu ya saa nane usiku nyeupe, siku tatu mfululizo, pembeni wameandika "amelala". Iliniuma.

Tena kumwamsha si kwa ajili ya dawa peke yake. Nikishampa, namwambia anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikiangalia juu, afumbe macho. Nasimama namwangalia. Mkono wenye shida hauanguki. Kiganja kinaanza kugeuka ndani polepole, vidole vinajikunja kidogo, mkono unashuka nusu shubiri, na yeye mwenyewe hajui, anaamini bado kaunyoosha sawa na mwenzake. Hapo namwita daktari hata kama ndiyo kwanza ameingia kulala. Mashine zote za chumba kile zinaweza kuwa zinasoma kawaida dakika hiyo.

Presha nitarudi, kuna mgonjwa anaita.

Binti Mfamasia

Sista amemaliza vizuri upande wake. Mimi niongeze ya dawa yenyewe, maana ndiyo ninayoitoa dirishani.

Kidonge laini kimoja ni miligramu 30, kwa hiyo dozi ni viwili. Kama dada hawezi kumeza, dawa inapitishwa kwenye mpira wa puani. Hapo pana hatari ambayo ndugu wachache wanaijua. Zamani, na sehemu nyingine mpaka leo, nesi hutoboa kile kidonge kwa sindano, anavuta majimaji ya ndani kwenye bomba, halafu anasukuma kwenye mpira. Bomba la sindano linafanana na bomba lolote la sindano. Kuna wagonjwa duniani waliochomwa yale majimaji kwenye mshipa wa damu badala ya kupewa tumboni, presha ikaanguka ghafla, moyo ukashindwa, wengine wakafa. Ndiyo sababu mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kabisa kwenye dawa hii, na mwaka 2013 ikaidhinisha ile ya maji, ambayo haihitaji kutoboa chochote. Ukiona bomba lenye rangi tofauti, limeandikwa ni la mdomoni tu na ncha yake haiingii kwenye kateta ya mkononi, ujue hiyo ni tahadhari yenyewe.

Ipo pia nimodipini halali ya kupitishwa kwenye mshipa, inatumika nchi kadhaa. Hiyo ni chupa nyingine, ina pombe ndani yake, na inataka mipira maalumu kwa sababu dawa hung'ang'ania plastiki ya kawaida ya PVC. Si yale majimaji ya kidonge.

Sasa wewe ndugu kazi yako: wape orodha ya KILA dawa dada anayotumia, hata ile ambayo watu huionea aibu kuitaja. Nimodipini inavunjwa na ini kwa njia inayogombaniwa na dawa nyingi. Rifampisini ya kifua kikuu, fenitoini na kabamazepini za kifafa zinalichochea ini liivunje upesi mno, mgonjwa anameza lakini ni kama hamezi. Upande wa pili, klarithromisini na baadhi ya dawa za VVU, zile zenye ritonaviri, zinalizuia ini, dawa inajaa, presha inaporomoka. Juisi ya balungi nayo imo kwenye kundi hilo la pili. Kama atahitaji dawa ya degedege, zipo zisizogombana nayo, levetirasetamu kwa mfano. Ila lazima wajue anachotumia.

Mdogo wa Mgonjwa

Asanteni mno. Kumbe! Kuna kitu dada alikuwa anatumia, nadhani hakikuandikwa popote. Nitawaambia asubuhi hii hii. Sista ukipata nafasi, la presha bado linanisumbua.

Sista wa Usiku

Waambie leo, usisubiri daktari mkuu apite, mwambie nesi wa zamu.

Haya, presha. Kosa linalofanywa na karibu kila ndugu ni kudhani presha ina namba moja nzuri ya mwanzo mpaka mwisho. Kwenye ugonjwa huu presha nzuri hubadilika kulingana na hatua. Kabla kivimbe hakijazibwa tunaogopa kupasuka upya, kwa hiyo presha inadhibitiwa isipande. Kikishazibwa, tunachokiogopa kinageuka. Mshipa ukijikaza, damu inahitaji msukumo kupita sehemu iliyobana. Presha ikishuka, eneo la ubongo lililo mbele ya hapo linakosa damu. Ndiyo maana wamesimamisha vidonge vyake vya siku zote. Wala msimpe kwa siri kwa kuwa "amezoea" (yupo mama mmoja alivileta kwenye pochi, kwa upendo kabisa).

Nimodipini nayo inashusha presha, hilo ni kweli, ndiyo bei yake. Ikishusha, hatua ya kwanza si kuiacha. Tunaikata: miligramu 30 kila saa mbili badala ya 60 kila saa nne. Jumla kwa siku ni ileile 360, ila haiingii kwa kishindo. Ndicho walichomfanyia dada. Presha ikiendelea kushuka, tunaangalia maji mwilini, pengine dawa ya kuipandisha kidogo, na nimodipini inaendelea. Kuisimamisha kabisa ni uamuzi wa daktari, huwa tunaufikia kwa shingo upande.

Yule jirani wa kitanda cha pili ni hadithi tofauti. Sijamwona, lakini kwa kawaida mtu akiwekewa dripu ya kupandisha presha juu ya kawaida yake, mara nyingi noradrenalini, maana yake dalili zimeanza: amekuwa mzito kuongea, mkono umelegea, usingizi umezidi. Wanaisukuma damu kwa nguvu ipite. Wanapandisha kwa hatua, kila hatua wanamwangalia kama mkono umerudi. Nimeona mtu akirudisha neno mdomoni dripu ikipandishwa, na akilipoteza ikishushwa. Nakubali kwamba ushahidi wa majaribio kwa njia hii ni mwembamba. Jaribio lililofanywa Uholanzi lilisimamishwa kabla ya kumalizika na halikuonyesha faida. Bado hospitali nyingi hufanya hivyo, na miongozo inaruhusu, kwa mgonjwa aliyeanza kuzorota. Kwa mgonjwa asiye na dalili, kama dada yako sasa, kupandisha presha kwa kujikinga tu hakushauriwi.

Zamani kulikuwa na desturi ya kumjaza mgonjwa maji mengi ya dripu pamoja na kupandisha presha. Tuliishia na mapafu yaliyojaa maji. Siku hizi lengo ni maji ya kutosha, yasipungue, yasizidi. Ukiona wanapima mkojo wake kila saa kama wahasibu, ndiyo hiyo. Wagonjwa hawa wengine hupoteza chumvi kwenye mkojo, sodiamu inashuka, na mtu asiyezoea ugonjwa huu anaweza kuagiza anyimwe maji kama inavyofanywa kwa wagonjwa wengine wenye sodiamu ya chini. Hapa kumkausha ni kumwongezea hatari. Anapewa chumvi.

Hivyo viwili, nimodipini na dripu ya presha, havigombani hata kama vinaonekana hivyo. Kimoja kinailinda seli, kingine kinaifikishia damu.

Binti Mfamasia

Na shemeji msimpuuze, ameyasoma mambo ya kweli ila ameishia nusu ya hadithi. Magnesiamu ilipewa nafasi ya haki: jaribio lililochapishwa 2012 lilikuwa na wagonjwa wapatao 1,200, wakapewa ya mshipani, haikupunguza vifo wala ulemavu. Simvastatini, ile ya kolesteroli, miligramu 40 kwa siku, wagonjwa 803, matokeo yakatoka 2014: hakuna tofauti. Kama dada alikuwa anaitumia tangu zamani kwa kolesteroli hiyo ni habari nyingine. Kuianzisha kwa ajili ya mishipa hii, hapana. Magnesiamu ikiwa imeshuka kwenye damu wataijaza hadi kiwango cha kawaida, na hiyo ni sawa.

Ya Japani ni klazosentani. Inazuia endothelini aliyoitaja Sista, na mishipa kwenye picha hufunguka kweli, kuliko inavyofunguliwa na nimodipini. Ungedhani basi ndiyo mshindi. Majaribio mawili ya awali nje ya Japani hayakuwafanya wagonjwa watoke na hali bora, na madhara yake ni pamoja na maji kwenye mapafu na presha kushuka. Japani iliiruhusu 2022 baada ya majaribio yao ya ndani kuonyesha faida. Mwaka 2023 yakaja matokeo ya jaribio jingine la kimataifa, nalo halikufikia lengo. Kwa hiyo Japani inaitumia, kwingine kwingi haijawa dawa ya kawaida.

Unaona kichekesho chake? Dawa inayofungua mishipa vizuri kwenye picha haijaweza kuonyesha kila mahali kwamba inaokoa watu, na kongwe isiyobadilisha sana picha ndiyo inayookoa.

Kijana wa Kona

Naomba kuingilia. Baba alivuja damu kichwani kwa sababu ya presha, mwaka jana. Hatukusikia habari ya nimodipini hata siku moja. Je, alinyimwa?

Sista wa Usiku

Hapana, kijana wangu. Ya baba ilivujia ndani ya nyama ya ubongo. Ya dada wa huyu ndugu ilivujia nje, chini ya utando, ambako mishipa mikubwa inaogelea kwenye damu. Kujikaza huku ni ugonjwa wa hawa wa pili. Kwa baba kazi kubwa ilikuwa kudhibiti presha isipande, kinyume kabisa na ninachokisema humu, kwa hiyo usichukue maelezo ya uzi huu ukampelekea. Hata waliovuja damu chini ya utando kwa kugongwa kichwa, nimodipini haijathibitika kuwasaidia.

Aliyepitia

Kaka, mimi nilikuwa kitanda cha dada yako, miaka imepita. Usiku wa pale nauchukia mpaka leo, ila nakwambia waache wamwamshe. Mimi ndiye niliyekuwa nawatukana manesi.

Mishipa yangu ilijikaza ikashindikana kwa dawa za kumeza. Nilikuwa naita kila kitu "ile". Nataka maji, nasema nipe ile. Mume wangu alidhani natania. Nesi hakucheka. Walinipeleka tena kwenye ile meza, mrija ukapandishwa kutoka kwenye paja, dawa ikamwagwa moja kwa moja kwenye mshipa wa kichwani, na mshipa mmoja wakaupanua kwa puto dogo. Maneno yakarudi, si yote siku hiyohiyo. Kwa hiyo kama wakiwaambia wanataka kumrudisha huko chini msione ni dalili ya kukata tamaa.

Kitu kingine, kichwa kitauma sana hizo wiki. Kuuma peke yake si lazima iwe mishipa, ni damu inavyowasha utando. Mwacheni kwenye mwanga hafifu, wageni wawili wawili, msimkalishe mtihani wa majina ya watoto wa ukoo mzima.

Mdogo wa Mgonjwa

Dada, asante kwa kutuandikia, umenipa nguvu.

Nimerudi kutoka wodini. Dawa aliyokuwa anatumia ni ya kifafa, kabamazepini, alianza akiwa msichana na hatukuwahi kuisema hadharani. Nimemwambia nesi, akamwita daktari palepale, wanambadilishia. Binti Mfamasia, Mungu akuzidishie.

Pia leo wamempima na mashine ya kuweka pembeni ya kichwa, juu kidogo ya sikio, inayotoa sauti fuu, fuu. Wakasema kasi ni 140, na kwamba "tunaiangalia". Niogope?

Sista wa Usiku

Hiyo ni Dopla. Pale kando ya jicho mfupa ni mwembamba, mawimbi yanapenya na kusoma kasi ya damu. Njia ikibana damu hukimbia zaidi, ndiyo maana kasi kubwa ni habari mbaya, kinyume na watu wanavyodhani. Kwa mshipa wa kati wa ubongo, ikipita sentimita 120 kwa sekunde tunashtuka, ikipita 200 tunahesabu kubana ni kukali. Lakini homa, upungufu wa damu, au moyo kupiga kwa nguvu pia huongeza kasi, tena kila mahali. Kwa hiyo wanailinganisha na kasi ya mshipa wa shingoni. Ya kichwani ikiwa zaidi ya mara tatu ya ile ya shingoni, ndipo tunasema ni kubana kweli. Waulize uwiano ni ngapi, na jana kasi ilikuwa ngapi. Iliyopanda kutoka 80 hadi 140 kwa siku moja inanitisha kuliko 140 iliyokaa palepale siku tatu.

Na waulize wewe ukiwa pale uangalie nini. Mnamjua kuliko sisi. Sisi tunajua kama anajibu swali. Ninyi mnajua kama anavyojibu ndivyo alivyo. Akianza kuwa mkimya, akirudia neno, akiacha kuushika mkono wako kwa nguvu ileile, sema, hata ukihisi unasumbua.

Mdogo wa Mgonjwa

Uwiano wamesema ni 2.6, na jana ilikuwa 130. Swali langu la mwisho: kuna uwezekano akatoka kabla ya siku 21. Dawa tunaendelea nayo nyumbani?

Binti Mfamasia

Ndiyo, mpaka 21 zitimie, zikihesabiwa kutoka siku aliyoanza kupewa, si siku aliyotoka. Mwombeni anayewaruhusu aandike tarehe ya kidonge cha mwisho kwenye karatasi. Pangeni saa kumi na mbili, saa nne na saa nane, mchana na usiku, simu ya mmoja wenu ilie, na awepo mtu wa kumwamsha, si yeye mwenyewe. Vidonge vikae kwenye pakiti yake mpaka dakika ya kumeza kwa sababu mwanga unaviharibu. Msivihamishie kwenye vile visanduku vya siku za wiki. Akimeza akae kitako kidogo kabla ya kusimama, hasa ya saa nane za usiku akitaka kwenda chooni. Na kabla hamjabeba mizigo hakikisheni mmeshika vidonge vyote mkononi, kwa sababu dawa hii haipatikani kila duka, na kuitafuta Jumamosi jioni huku saa nne inakaribia si kazi ya kumpa ndugu yeyote.